Jibu: Ugezi (kuhakikisha kifaa kinapima sawasawa) wa kirekodi cha jotoridi kwa maji yanayochemka

Ndugu, umeuliza kwa nini kirekodi chako, ulichokirekebisha huko Arusha kisome nyuzi 100 katika maji yanayochemka, sasa kinazidisha vipimo vya juu. Kwa kuwa Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka hapo karibu na nyuzi 95. Kwa hiyo ulikifundisha kosa wewe mwenyewe, kifaa hakina hatia. Anza na barafu iliyopondwa na kukorogwa katika maji safi, ambayo hukupa nyuzi 0 hata mlimani, kisha upate nukta ya pili kwa kukilinganisha na kipimajoto chenye cheti cha ugezi, vyote vikiwa ndani ya chombo kimoja cha maji ya moto. Nukta moja haitoshi kurekebisha mteremko, yaani kiasi ambacho usomaji wa kifaa hupanda kadiri joto linavyopanda.