Usinunue plaiwudi hiyo kabla hujaichemsha

Usilipe, na kama umeshalipa, rudi dukani leo ukadai pesa zako. Umeuliza kama plaiwudi ya milimita 6 uliyooneshwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi itafaa kuundia mashua yako ya mita tatu endapo utaipaka rangi ya mafuta mara tatu, kisha ukauliza tanga likatwe vipi na mlingoti uwe wa mti gani. Mimi nilipaka mara nne.

Muuzaji wangu alinihakikishia kwamba mbao zile ni "marini", yaani za baharini, akazigonga kwa kiganja kana kwamba mlio ndio cheti, nami, mtu mzima mwenye familia, nikaitikia. Sikujua kwamba katika maduka yetu ya ujenzi neno hilo mara nyingi hutajwa kwa ubao wa kufungia zege, ule wenye ngozi ya kahawia inayoteleza, ambao haukukusudiwa bahari. Plaiwudi ya vyombo vya majini, ile inayofuata kiwango cha Uingereza cha BS 1088, hudaiwa, pamoja na mengine, iwe na gundi isiyolegezwa hata na maji yanayochemka, na matabaka ya ndani yasiyo na mapengo. Yangu ilikuwa na jina tu.

Hasara yenyewe haikuwa kwenye mbao. Kwa miezi saba ya Jumamosi na Jumapili nilizishona mbao hizo kwa waya wa shaba, nikaziba maungio kwa gundi ya epoksi na utepe wa faibaglasi, vitu vilivyoagizwa kwa bei ambayo mke wangu hadi leo anaijua nusu yake. Nilibana shilingi kwenye kitu cha bei nafuu kuliko vyote, kisha nikakigandishia vya ghali visivyobanduka. Siku ya kwanza chombo kilielea vizuri, na picha ninazo. Nikakiacha nangani Kigamboni wakati wa masika, maji ya mvua yakatuama ndani, yakapenya kwenye matundu niliyotoboa ya usukani na kwenye kingo zilizo chini ya mlingoti, mahali ambapo nyuzi za mti zilizokatwa hunyonya maji kama utambi unyonyavyo mafuta. Rangi niliyoitegemea ndiyo iliyoyazuia yasitoke tena. Mwezi wa pili tangu nikiache hapo, nilibonyeza sakafu kwa kidole gumba, kidole kikazama. Nilipochokonoa, matabaka yakafunuka moja baada ya jingine kama chapati ya kusukuma. Sasa chombo kimelala kifudifudi nyuma ya nyumba, na kuku wanaolala chini yake ndio mabaharia pekee ambao hawajalalamika.

Nilipomrudia muuzaji, alinieleza kwa utulivu kwamba mbao zake hazikutengenezwa "kwa maji mengi hivyo". Yupo pia bwana mmoja wa video aliyedai kwamba rangi nzuri huponya ubao mbaya. Nadhani kwao hakuna masika. Fundi mzee wa mashua pale ufukweni alikuwa ameniuliza mapema kama nimezijaribu mbao zangu, nami nikamjibu kwamba mambo ya tezo la kuchongea na kalafati ya kuzibia nyufa yamepitwa na wakati. Siku hizi nikipita hunisalimia kwa upole mno, na afadhali angecheka.

Basi omba kipande cha ukubwa wa kiganja kutoka kwenye ubao uleule utakaoununua, si sampuli ya kaunta. Tazama ukingo wake, kwa maana ukiona pengo kati ya matabaka, ubao huo unaweza kukuvunjikia hapo hapo utakapoukunja kuelekea omo, yaani mbele ya chombo. Kisha kichemshe saa nzima, kikaushe kabisa juani, ukichemshe tena, halafu ujaribu kuyatenganisha matabaka kwa ncha ya kisu. Mstari mweusi wa gundi usikudanganye, kwa kuwa hata gundi dhaifu yaweza kutiwa rangi. Tumia sufuria kuukuu, maana harufu yake haitoki upesi, na hilo nalo nililipia. Muuzaji akikataa kukukatia kipande, ondoka hata kama amekupunguzia bei. Ukishachemsha, rudi utuambie sufuria imetoa nini.