Jibu: Alfa ya 0.85 haitoshi kuithibitisha PANSS ya Kiswahili

Dada, umeuliza kama alfa ya Cronbach ya 0.85 inatosha kusema PANSS (fomu ya kupima ukali wa dalili za skizofrenia) mliyoitafsiri hapo Tanga imethibitishwa. Haitoshi. Alfa inaonyesha tu kwamba vipengele vya fomu vinakwenda pamoja. Haisemi kama wewe na mwenzako, mkimhoji mgonjwa yuleyule, mtampa alama zinazokaribiana. Lipimeni hilo kwanza, kila mmoja akijaza fomu yake bila kuchungulia ya mwenziwe.

Kipengele cha fikra dhahania kinanitia wasiwasi zaidi. Mgonjwa huulizwa maana ya methali, na "Haba na haba hujaza kibaba" kila mtoto wa Tanga ameikariri shuleni pamoja na maana yake. Akijibu sawasawa, mmepima kumbukumbu. Changanyeni na methali zisizozoeleka sana. Na akisema ana jini, muulizeni ndugu aliyemleta jinsi watu wa nyumbani kwao wanavyoliona. Jambo linaloaminiwa na ukoo mzima msikimbilie kuliita imani potofu.

Mkija kupima nafuu, toeni 30 kwenye jumla ya mwanzo kabla ya kukokotoa asilimia. Vipengele ni 30 na alama huanzia 1, kwa hiyo asiye na dalili yoyote hupata 30, si 0.