Usisaini Alhamisi: uliza kwanza mlango wa kutokea uko wapi

Dogo, weka kalamu chini.

Umeandika maelezo marefu. Una miaka 26, unapiga picha za harusi na sendofu hapo Mwanza, hela inakuja kwa msimu, na unauliza kwa ajili ya uzeeni uchague Umoja au Hatifungani, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, kampuni ya serikali, uchanganye na hisa za benki za CRDB na NMB au uache, na kama kujiunga kwa hiari na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna maana kwa mtu asiye na mwajiri. Maswali ya mtu mwenye akili. Halafu mwishoni, kama mgeni aliyekwisha kuaga ndiyo anakumbuka kusema jikoni kunaungua, ukaongeza kwamba kuna dada wa kampuni ya bima amekuletea mpango wa kustaafu wa miaka 20, 150,000 kila mwezi, Alhamisi unasaini, "naona ni kama mfuko tu".

Kama mfuko tu! Nimesoma hapo nikaacha chai ikapoa.

Mimi ni fundi aluminiamu, niko Tabata. Madirisha, milango, partisheni za ofisi. Mwaka 2015 nilikuwa na miaka 28, kazi zinafuatana, mfukoni kumetulia. Akaja jamaa tunayeimba naye kwaya, yeye sauti ya besi, mimi teno. Akanivuta pembeni baada ya mazoezi: "Kaka, wewe huna mwajiri. Ukifika miaka 60 nani atakulipa pensheni?" Likanichoma, kwa sababu ni kweli. Na huo ndio ufundi wao, wanaanza na neno la kweli, ukishatikisa kichwa mara tatu hata la nne unalitikisia.

Akatoa karatasi ya rangi yenye jedwali. 120,000 kwa mwezi, miaka 15, mwisho wa safari milioni thelathini na ushee pamoja na bonasi, na nikifa katikati familia inalipwa yote. Nikamuuliza, hii ina tofauti gani na vipande vya UTT anavyonunua mke wangu? Akacheka kile kicheko cha kumhurumia mtu. "Ni vile vile, ila huku una bima juu."

Si vile vile. Niliyelipia hilo somo ni mimi, wewe lisome bure. Kwenye mfuko unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko wenyewe, vinakuwa vyako kuanzia siku hiyo, mali za mfuko zinatunzwa na benki na si na meneja mwenyewe, bei ya kipande inatangazwa, ukitaka hela unauza vipande. Usipoweka kitu miezi sita hakuna anayekupigia simu, vipande ulivyonunua vinakaa pale pale vinaendelea na maisha yao. Nilichosaini mimi ni mkataba wa bima wa miaka 15 ambao unadai ada kila mwezi, na ndani ya mkataba huo hakuna kilicho chako mpaka ukurasa fulani useme kipo.

Na huo ukurasa sikuusoma. Nilisoma jedwali.

Miaka miwili ya kwanza nililipa kama saa. Kisha 2017 vyuma vikakaza. (Utani wa fundi wa vyuma kukaziwa na vyuma nimeshaambiwa na kila mteja, msijisumbue.) Nilikuwa na jengo la ghorofa nne, tumeshafunga madirisha ya ghorofa mbili, mwenye jengo akasimamisha kazi akiwa na 4,600,000 yangu. Kila siku "wiki ijayo fundi". Oktoba sikulipa bima. Novemba sikulipa. Zikaanza meseji za "Mpendwa mteja". Desemba upendo ukapungua. Januari wakaandika kwamba bima yangu imesitishwa.

Februari 2018 nikaenda ofisini kwao, nikiwa nimejipanga kistaarabu kabisa: basi, nimeshindwa, nipeni changu, hata kama mtakata kidogo. Ghorofa ya tatu, kiyoyozi kinapuliza hadi unajuta kuja na shati la mikono mifupi. Dada wa mapokezi mpole, sina neno naye. Akaingiza namba ya bima, akasubiri, akageuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe. Kulikuwa na mstari mmoja umeandikwa thamani ya kukatisha, na mbele yake 0.00.

Nikamwambia labda mtandao uko chini. Akasema hapana kaka, uko vizuri.

Nilikuwa nimekuja na mkataba kwenye mfuko wa nailoni. Akauomba, akaufungua, hakutafuta hata sekunde kumi, akaweka ncha ya kalamu kwenye kifungu chenye herufi kama sisimizi: haki ya kurudishiwa chochote inaanza baada ya kulipa ada za miaka mitatu kamili. Mimi nilikuwa nimelipa miezi 31, Machi 2015 mpaka Septemba 2017. Bado mitano. Au, akasema, naweza kuufufua mkataba: nilipe malimbikizo yote na riba, na nipimwe afya upya. Yaani mtu aliyeshindwa kulipa 120,000 alipe zote kwa pamoja, na athibitishe kwamba habari hiyo haijampandisha presha.

Piga hesabu: 120,000 mara 31 ni 3,720,000. Nikauliza zimekwenda wapi. Akanieleza bila kuficha, na nilimheshimu kwa hilo. Ada za mwanzo zinabeba kamisheni ya wakala, gharama za kufungua mkataba, na kinga yenyewe, kwa sababu kwa miezi yote 31 nilikuwa nimekatiwa bima ya maisha. Ningekufa, wangelipa. Sikufa. Uzembe wangu.

Sasa ngoja nikupe upande wa pili, ndio ulioniuma zaidi. Mama Neema, mke wangu, anauza vitenge. Muda ule ule yeye alikuwa na Liquid ya UTT, ile inayoitwa pia Ukwasi. Hakuwa na ratiba. Akiuza doti tano anapita benki anaweka 50,000, mwezi mwingine 20,000, mwezi wa kufungua shule haweki kitu. Nilikuwa namcheka, namwambia mimi nina mpango, wewe una kibubu. Machi 2018 mwenye fremu yangu akataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 1,800,000, la sivyo nitoe mashine zangu nje. Mama Neema akajaza fomu ya kuuza vipande Jumatatu. Alhamisi hela ilikuwa kwenye akaunti. Pensheni yangu 0.00, kibubu cha vitenge kimeokoa fremu. Alichosema ni kimoja tu: "Kumbe ile bima yako inatoa kiyoyozi."

Na yule besi? Siku hizi anauza viwanja. Bado anaimba, bado sauti anayo, na akisimama nyuma yangu kwenye mazoezi nashika mfuko wa suruali.

Ndiyo maana sina nafasi ya kukujibu Umoja au Hatifungani kabla hujamuuliza huyo dada swali moja. Mwambie: "Nikiacha kulipa baada ya miezi 7, narudishiwa shilingi ngapi? Baada ya miezi 19? Baada ya 31?" Akuandikie. Shilingi, si asilimia, si "inategemea". Akianza na "lakini wewe hutaacha, naona uko serious", lipia soda yake uondoke. Akikuandikia namba, weka namba hizo kando ya jumla utakayokuwa umelipa. 150,000 kwa miezi 31 ni 4,650,000. Ona tofauti kwa macho yako.

Halafu tazama kazi yako, dogo. Wewe ni mpiga picha za harusi. Kwaresma watu hawaoi. Ramadhani watu hawaoi. Mwaka 2025 zote mbili ziliangukia Machi, sasa niambie ungetoa wapi 150,000 Aprili. Ungeuza lenzi? Mpango unaotaka kiasi kile kile kila mwezi umeshonwa kwa mtu wa mshahara, anayekatwa kabla hajaiona hela. Sisi tunaosubiri simu ya mteja, tukivaa hiyo nguo inapasuka mgongoni. Mipango ya aina hii haifi kwa sababu mtu ni mvivu, inafia kwenye mwezi mmoja mbaya.

Najua atakayenijibu hapa chini: "Mlango ukiwa wazi utakula." Kweli, nilikula. Nilipohamia kwenye vipande, 2019 niliuza vya kutosha kununua televisheni ya inchi 43 kwa ajili ya AFCON, kwa sababu Taifa Stars tulikuwa tumefuzu mara ya kwanza tangu 1980 na nikaona historia haitazamwi kwenye televisheni ya chogo. Tukafungwa mechi zote tatu. Hadi Kenya wakatufunga. Kwa hiyo ndiyo, mlango wazi una hasara yake, lakini televisheni ninayo mpaka leo. 3,720,000 sina hata risiti ya kutazamia mpira.

Njia rahisi ya kutambua unachouziwa: uliza leseni ni ya nani. Mifuko ya vipande iko chini ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana. Bima iko chini ya TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Kampuni yake ikiwa ya TIRA, hiyo ni bima, hata waipake rangi ya mfuko na kuandika neno "uwekezaji" mara kumi. Na sisemi bima ni dhambi. Siku ukiwa na mke na watoto wanaokula kwa kamera yako, nunua bima ya maisha peke yake kama bima, akiba ikae kwake kama akiba. Sasa hivi umesema huna mtoto. Hiyo kinga ya miaka 20 unamkinga nani, tripodi?

Haya, swali lako. Kwa fungu la uzeeni, kwa umri wako, mimi ningeweka Umoja. Ndio mkongwe wa UTT, tangu 2005, na mfuko wenyewe unaruhusiwa kuweka hadi nusu ya hela zake kwenye hisa zilizoorodheshwa soko la Dar es Salaam, zilizobaki kwenye hatifungani (hati za kuikopesha serikali au makampuni) na amana za benki. Kwa hiyo ukiwa Umoja hisa unazo tayari kwa mlango wa nyuma. Kuna miaka utakwenda kama konokono, una miaka 30 na zaidi mbele, tulia. Mfuko wa Hatifungani, ulioanza 2019, ni mtulivu zaidi, umejaa dhamana za serikali, ila usichague kulipwa gawio, hiyo ni ya mama zetu wanaotaka hela ya matumizi. Wewe acha izae juu ya uzao. Mfuko wao wa Jikimu nao uache vile vile, kulipa gawio ndiyo kazi yake. Na kabla ya yote hayo jaza Liquid hadi ifike matumizi ya miezi minne au mitano, ya Kwaresma yako. Liquid hawakukati kuingia wala kutoka. Mwingine ukichagua soma kwanza wanakata kiasi gani unapouza, na Wekeza Maisha usome mara mbili, maana ule ni wa miaka kumi na una bima ndani yake. Ndiyo, hata UTT uliza mlango. Mama mkwe akikuletea mpango, muulize mlango.

Halafu usichague mfuko kwa sababu kipande chake ni bei rahisi. Kipande cha shilingi 100 na cha shilingi 1,000 vikipanda asilimia kumi, laki yako imepata elfu kumi kote kote. Hili nalielezea kila wiki, nimechoka.

Siyo lazima UTT pia, kuna Faida ya Watumishi Housing tangu 2022, na kuna ya makampuni binafsi yenye leseni ya CMSA. Sijali uchague upi. Kiasi cha kuweka: usijipangie kwa mwezi, jipangie kwa kazi. Kila harusi ukilipwa salio, sehemu moja kati ya kumi inaondoka siku hiyo hiyo kabla hujafika nyumbani. Nisipofanya siku hiyo hiyo, mimi huwa naamka asubuhi imeshageuka kuwa bati la mtu.

Mambo ya kununua hisa moja moja wapo wajuzi humu watakuambia. NSSF ya hiari pia nimeiruka, naona nimeandika gazeti. Ukienda kwao wape lile lile swali la miezi 7, 19 na 31, wataona una wazimu lakini watajibu.

Alhamisi unakutana naye saa ngapi? Niandikie namba yako faragha, nikupigie dakika ya kumi, ujifanye bibi harusi amebadilisha tarehe.