Mjomba ananihimiza ninunue nyumba Majengo, na mume wangu hajui

*Shangazi, asalaam aleikum. Nina umri wa miaka 33, ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na mshahara wangu ni shilingi 60,000. Nina akiba ya shilingi 600,000 katika Sacco. Mjomba wangu, ambaye ni dalali, amenipatia nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita huko Majengo kwa shilingi 2,200,000, na kila chumba hulipiwa 4,500 kwa mwezi. Nataka kutoa akiba yangu na kukopa 1,600,000 zilizobaki katika Sacco hiyohiyo, nilipe kwa miaka mitano. Lengo langu ni kuwa na nyumba kumi nikifika miaka 45. Mjomba anataka arubuni kabla ya Ijumaa. Mume wangu sijamwambia kwa sababu hataki riba. Nifanyeje?*
*Mama wa Wawili, Kisauni*

Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili nikilitafuta neno ardhi, nisilione. Mjomba amekutajia vyumba na kodi, lakini hakukwambia kiwanja ni cha nani. Majengo, kama zilivyo sehemu nyingi kongwe za Mombasa, mtu huweza kumiliki kuta, paa na milango huku ardhi iliyo chini yake ikiwa mali ya mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja mwaka baada ya mwaka. Watu wamezaliwa na kuzeekea katika nyumba hizo, nami sizidharau, ila anayeinunua hapati hatimiliki. Hupata karatasi ya mauziano, na usalama wake hutegemea maelewano na mwenye ardhi. Siku mwenye ardhi atakapotaka kiwanja chake ajenge ghorofa, wewe utakuwa na matofali tu ya kujitetea.

Mwulize mjomba hati ina jina la nani na risiti za kodi ya kiwanja ziko wapi. Akisema ardhi imo katika mauzo, chukua nambari ya kiwanja uende ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi rasmi wa kuonesha mwenye ardhi ni nani, kisha mkataba uandikwe na wakili wako mwenyewe. Hapo ujue kuwa ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, yaani shilingi 88,000 ambazo hukuzihesabu.

Hesabu yako ya mkopo nayo ina tundu. Sacco nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, lakini akiba hiyo hubaki palepale kama dhamana mpaka deni liishe, kwa hiyo shilingi zilezile 600,000 haziwezi kuwa malipo ya nyumba na wakati huohuo zikubebee mkopo. Hata zingeweza, mkopo wa 1,600,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, kwa miezi 60, utakudai takriban 35,600 kila mwezi. Vyumba vyote sita vikijaa vitaingiza 27,000, na kodi ya mapato ya upangishaji, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya pango lote unalopokea kwa wapangaji, itakuachia 24,975. Bado hujatapisha choo, hujatengeneza paa, na hakuna mpangaji aliyehama bila kulipa. Aidha sheria ya ajira hairuhusu makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Ukijumlisha makato ya serikali na mkopo huo, umeshauvuka mpaka.

Nyumba kumi, mwanangu, ni idadi ya kuwasimulia watu harusini. Mtu anaweza kuwa nazo kumi na bado akakopa karo. Andika lengo linaloweza kupimwa: kwamba kufikia mwaka fulani, vyumba vyako vitakuachia kiasi fulani baada ya rejesho, kodi ya serikali na matengenezo, na kwamba hutanunua chochote kabla ya kuweka kando marejesho ya miezi sita. Huenda lengo hilo likakupeleka kwenye kiwanja kidogo chenye hati nje ya kisiwa, ujenge vyumba viwili kwanza. Ukifika huko, onja maji ya kisima kabla ya kuulizia bei, kwani wapangaji hawakai muda mrefu mahali ambapo kila dumu hununuliwa kwa mwenye mkokoteni.

Kuhusu mumeo, sikubaliani nawe hata kidogo. Umemficha kwa ajili ya riba, ilhali hapa Mombasa zipo benki zinazofuata sharia, Gulf African Bank ikiwa mojawapo, ambazo hununua mali na kukuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, au huimiliki pamoja nawe ukawa unanunua sehemu yao kidogo kidogo. Benki ya namna hiyo ingetaka kuiona hati kabla ya kutoa senti, na swali ambalo mjomba hakulijibu lingeulizwa siku ya kwanza. Mwambie mumeo leo, umwoneshe hesabu yote, pamoja na ile isiyopendeza.

Arubuni usitoe. Mjomba ni mzazi, mpigie wewe mwenyewe kwa heshima zake zote, umwambie kwamba Ijumaa utakuwa ofisi ya ardhi, na kwamba unamngoja huko na nambari ya kiwanja.