RNA inaingiaje kwenye seli?

Dada yangu, umeuliza bakteria anaifikishaje RNA ya kunyamazisha jeni (molekuli fupi inayoizuia jeni isifanye kazi) ndani ya seli. Hutumika bakteria E. coli asiyeleta ugonjwa, akapewa jeni mbili za kuazima. Ya kwanza, ya bakteria Yersinia, humpa invasini, protini inayoshika integrini, protini zilizo kwenye utando wa seli, na seli yenyewe humvuta ndani, ikimfunika kwa kifuko cha utando. Lakini bado yumo kifukoni, kama mgeni wetu hapa Lamu aliyenyweshwa kahawa dakani, pale mlangoni: nyumba ya ndani hajaiona! Ya pili, ya bakteria Listeria, hutoa listeriolisini, protini inayotoboa kifuko. Bakteria husagika humo, RNA ikavujia kwenye saitoplazimu, yaani uteute wa ndani ya seli, na seli ikaitumia kukatakata RNA mjumbe, nakala inayopeleka maagizo ya jeni iliyolengwa. Mwaka 2006 watafiti waliwalisha panya bakteria hao, wakaipunguza protini ya beta-katenini utumboni.