Usianze na "unajisikiaje": niliyojifunza kwenye foleni ya maji Nyarugusu

Katika daftari langu la mwaka 2015 kuna ukurasa ambao mpaka leo nikiufungua naona haya. Nimeandika kwa wino mwekundu, kwa kujiamini kwa mtu aliyetoka kusomea saikolojia juzijuzi: "Mzee hataki kukubali hisia zake."

Mzee mwenyewe alikuwa Mrundi, ameingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wilayani Kasulu wiki chache kabla. Alikaa siku kadhaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kipindupindu kikipita katikati ya watu, mpaka akapata nafasi kwenye meli ya MV Liemba kuja Kigoma mjini. Nikamkalisha kwenye duara na wenzake kumi na mmoja, nikamuuliza alijisikiaje siku zile. Akatabasamu, akasema ni sawa tu, asante. Nikarudia swali. Akatabasamu tena.

Mama aliyekuwa akinitafsiria Kirundi alisubiri watu waondoke. "Dada, kwetu machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Wewe umemwambia ayatapike mbele ya mkwewe." Kumbe mle ndani mkwe wake alikuwamo. Sikuwa nimeuliza nani ni nani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kutumia saikolojia kuwapatanisha watu wa tamaduni mbalimbali: kabla hujauliza mtu anaumwa wapi, jua kwao maumivu yanaitwaje na yanasemwa mbele ya nani. Rwanda, kwa mfano, baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 watu walikuwa na neno lao, ihahamuka, hali ya mtu kuishiwa pumzi kana kwamba hana mapafu. Ukiingia na orodha yako ya dalili za kiwewe bila kulijua neno hilo, mtu atakujibu "hapana" kwenye kila swali, nawe utaandika kwamba yuko salama.

Basi nikaacha duara, nikaenda kukaa penye bomba. Penyewe ndipo palipokuwa na vita. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, wengi wao kutoka Kivu Kusini, na Warundi walipomiminika kuanzia Aprili 2015, maji yalikuwa yaleyale. Wanawake walipanga madumu tangu alfajiri, kila dumu na alama yake: kitambaa mpinioni, jiwe juu, kandambili moja pembeni. Mtu akirudi akakuta jiwe lake limesogezwa, siku imeharibika. Nilimsikia mama wa Kikongo akifoka: "Sisi tuko hapa miaka mingi, batu ba juzi banakuya kutupita ku robine?" Yaani watu wa juzi wanakuja kutupita bombani. Mwenzake wa Kirundi hakuelewa maneno yote, ila alielewa kidole.

Wanasaikolojia wana hadithi yao maarufu ya maji. Kiangazi cha 1954, huko Oklahoma, Muzafer Sherif aliwagawa wavulana wa kambi ya mapumziko makundi mawili, akawashindanisha mpaka wakachukiana. Kisha akawakutanisha: wale chakula pamoja, watazame sinema pamoja. Wakarushiana chakula. Walianza kupoa pale maji ya kambi yalipokatika (yeye ndiye aliyeyakata, sisi hatukuhitaji hila hiyo) na ikabidi makundi yote mawili yatafute tatizo liko wapi. Mwaka huohuo mwanasaikolojia mwingine, Gordon Allport, aliandika kwamba kukutana peke yake hakutoshi. Watu wawe na hadhi sawa, lengo moja, washirikiane kweli, na wenye mamlaka waunge mkono.

Nikadhani nimeelewa. Tukaunda kamati ya maji, nusu Wakongo, nusu Warundi. Ikafa ndani ya mwezi mmoja.

Iliuawa na Kiswahili. Vikao vilikuwa vya Kiswahili kwa sababu mimi najua Kiswahili, na Wakongo wanakiongea tangu utotoni. Warundi wengi waliotoka vijijini walikuwa wanakifahamu kidogo tu. Basi Wakongo wakawa wasemaji na waandishi, Warundi wakawa wafagiaji. Kwenye karatasi walikuwa sawa. Sisi waongeaji wa Kiswahili tumezoea kujisifu kwamba lugha yetu inaunganisha, na inaunganisha kweli, lakini mkutanoni inampa mmoja ulimi na mwingine inamwachia masikio tu. Tulipoanza upya, kila jambo lilisemwa kwanza kwa Kirundi, na Mkongo ndiye aliyesubiri tafsiri. Kikao kilirefuka mara mbili. Ufunguo wa kufuli la bomba ukashikwa na mama wa Kikongo, daftari la zamu likashikwa na mama wa Kirundi, na bila daftari ufunguo haufungui. Hawakupendana. Walihitajiana kila asubuhi saa kumi na moja na nusu, na kwa kuanzia hiyo ilinitosha.

Usikimbilie mioyo ya watu. Rwanda, mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji wa mchezo wa redio uliotungwa kwa ajili ya maridhiano, akawalinganisha na waliosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Baada ya mwaka mmoja, imani za ndani za watu hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni walivyoona kipi kinakubalika mbele za watu, na tabia zao zikafuata huko. Pale bombani nilikiona hicho kwa macho: bibi mmoja Mkongo wa kabila la Wafulero, anayeheshimiwa, alipozoea kusema "hapa hapatukanwi mtu", matusi yalipungua hata siku ambazo hakuwepo. Chuki zilikuwa bado zipo, sina shaka.

Sasa kosa langu kubwa. Mimi ni Mngoni wa Songea. Babu zetu na Wahehe waliuana vibaya kati ya 1878 na 1882, na leo ni watani. Tulipomzika baba, jirani yetu Mhehe alirukia kaburini, akalala chali, akasema hatoki hadi alipwe, maana marehemu alikuwa na deni la kuku. Watu walicheka huku wanalia. Mama yangu, ambaye hakuwa ameongea siku mbili, alimtukana yule mtani tusi zuri sana, ndipo akaanza kupumua. Hakuna aliyetufundisha kwamba hiyo ni tiba.

Nikaona niwapelekee wenzetu utani. Kwenye kikao kimoja nikaomba kila upande uwataje wenzao kwa mzaha kidogo. Kijana mmoja akatania pua za watu, alama iliyotumiwa kuwatenganisha Wahutu na Watutsi. Mama wawili wakasimama, wakatoka, hawakurudi wiki tatu. Baadaye ndipo nikakaa chini nikafikiri: redio iliyochochea mauaji ya Rwanda, RTLM, ilipendwa pia kwa muziki na vichekesho vyake, na katikati ya kicheko ndimo watu walimoitwa mende. Majirani wa nchi ile hawawezi kucheka wakiambiwa wacheke. Utani wetu una sheria zake, watu wameulea vizazi kadhaa, na anayetaniwa ana haki ya kulipiza palepale. Mimi nilichukua kicheko nikaziacha sheria nyumbani.

Yule mzee wa tabasamu alizungumza hatimaye, miezi saba baadaye. Tulikuwa tunatengeneza uzio wa bomba, amenipa mgongo, anakaza waya kwa koleo. Akaanza tu kusimulia Kagunga, na nani alimwacha pale. Nilimpokeza waya na sikuuliza kitu.

Nimalizie na mtu anayesahaulika, mkalimani. Taratibu tulizofundishwa zinamtaka aseme "mimi" anapotafsiri: mimi nilikimbia, mimi nilimpoteza mwanangu. Yule mama wa Kirundi alifanya hivyo kutwa nzima, siku tano kwa wiki, naye ana watu wake aliowapoteza. Siku moja alikwama katikati ya sentensi, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa dada, huyu ni yeye au ni mimi?" Tangu hapo wakalimani wangu wanasema "anasema alikimbia". Tunapumzika kila baada ya saa moja, na mkalimani ndiye anayeamua tunarudi lini.