Nikijinyoosha nasikia sindano mguuni, nikazane au niache?

SWALI: Habari dokta, mimi nasoma nje ya nchi, na kwa sababu ya stresi ya mitihani nimeanza kwenda darasa la kujinyoosha taratibu hapa chuoni. Mwalimu anaongea lugha yao haraka haraka, mi nafuata tu wanachofanya wenzangu. Tukikaa chini miguu imenyooka tukainama mbele nasikia kama sindano zinachomachoma kutoka nyuma ya goti mpaka unyayoni. Wenzangu wanashika vidole vya miguu, mimi nafika kwenye magoti tu. Nikazane?

JIBU: Mdogo wangu, usikazane, ila na darasa usiache. Msuli ukivutika unasikia mkazo mzito, butu, katikati ya nyama ya paja. Sindano, ganzi au kama umeme unaoshuka mpaka unyayoni, hiyo kwa kawaida ni neva, yaani mshipa wa fahamu, na neva haipendi kuvutwa ikashikiliwa hapo dakika nzima, damu inayoilisha inapungua ndo inaanza kulalamika.

Jipime hivi: ukiwa umeinama palepale, inua kichwa tu uangalie mbele, kingine chochote usisogeze. Sindano zikipungua basi ni neva, maana hakuna msuli unaounganisha kichwa na goti, lakini uti wa mgongo na neva za miguu ni kama kamba moja ndefu, ukilegeza juu na chini inalegea.

Sasa kunja magoti kidogo, kalia blanketi lililokunjwa ili nyonga ielekee mbele, halafu inama mpaka unaposikia mkazo mdogo tu ambao bado unaweza kupumua kwa pua bila kukunja uso. Hapo kaa sekunde 30, pumzika, rudia mara moja, siku 2 au 3 kwa wiki zinatosha kabisa. Pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, hiyo ndo inashusha mapigo ya moyo na kukutuliza, na kwa mtu aliyekuja kutafuta utulivu mi naona ina faida kuliko kushika vidole. Hao wenzako waache, maumbile ya nyonga yanatofautiana, na wiki za mwanzo mtu akiongeza sentimita kadhaa mara nyingi msuli haujarefuka, ni ubongo umezoea ule mkazo umeacha kuukataa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kwako ni lugha. Kuna walimu hupita nyuma wakakusukuma mgongo ushuke zaidi, wana nia njema kabisa, lakini neva ikiwa imeshavutika wanaweza kukuumiza vibaya. Fika mapema umwonyeshe kwa kidole sindano zinapopita, na jifunze kwa lugha yao maneno haya: ganzi, inauma, naomba usinisukume. Yaseme bila aibu, yeye hawezi kusikia kilichoko ndani ya mguu wako.

Sindano zikibaki baada ya darasa au zikija ukikohoa, nenda kamwone daktari ndani ya wiki hiyo. Lakini mguu ukilegea, au ukapata ganzi sehemu za siri, au mkojo ukashindwa kuuzuia, hiyo ni dharura, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama kesho una mtihani.